Kuchora uso wa mtu wa kawaida kwa rangi za mafuta, kwa njia ya Ceruti: mwongozo kamili

Nimefundisha kuchora kwa rangi za mafuta miaka kadhaa sasa, na kazi inayowashinda wanafunzi ni ileile: uso wa mtu wa kawaida. Si waziri wala bibi harusi. Nasema muuza kahawa, hamali, mama wa maandazi.

Kazi wanazoniletea zina makosa matatu yanayojirudia. La kwanza, ngozi imekuwa ya majivu, kama mtu aliyetoka kwenye gunia la unga. La pili, macho yamechorwa kwa bidii, kila ukope mahali pake, lakini yanaelea kwenye kichwa kisicho na mfupa. La tatu ndilo linaloniuma: mchoraji ameongeza huzuni. Chozi kwenye kona ya jicho, mikunjo ambayo mzee hana, shati lililochanika kuliko lilivyo.

Dawa ya yote matatu nimeipata kwa Giacomo Ceruti, Mtaliano wa Milano (1698–1767) aliyefanya kazi zake nyingi nzuri mjini Brescia. Walimbandika jina la Pitocchetto kwa sababu ya wale pitocchi, yaani ombaomba, aliowachora. Maisha yake sitayaeleza. Shika mambo mawili tu. Moja, wafuaji, washonaji na wachukuzi wa sokoni aliwapa kanvasi kubwa na utulivu uleule aliowapa mabwana. Na mabwana aliwachora kweli, mfano Giovanni Maria Fenaroli mwaka 1724. Mbili, watu wake wanakutazama. Yule mwanamke anayefua, aliyeko kwenye jumba la picha la Pinacoteca Tosio Martinengo mjini Brescia, mikono iko kwenye nguo na macho yako kwako. Halii, wala haombi kitu. Ana kazi yake, na wewe umemkatiza.

## Vifaa

Nunua vyote kabla hujaanza. Rangi ikiisha katikati ya kazi, ngozi uliyochanganya jana huipati tena.

- Kanvasi ya sentimita 50 kwa 70. Kichwa cha mtu mzima, toka kidevuni hadi utosini, ni kama sentimita 22, kwa hiyo hapa utamchora karibu na ukubwa wake halisi. Kanvasi ya ukubwa wa daftari ndiyo inayozaa katuni. Ukijitengenezea, marekani nzito inafaa; ivute kwenye fremu ya mbao kavu mpaka ukiigonga ilie kama ngoma.
- Jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kupaka kanvasi kwanza), na kopo dogo la rangi ya akriliki ya kahawia. Rangi ya maji ya ukutani ni ya mazoezi tu, baada ya muda huanza kupasuka na kubanduka.
- Rangi za mafuta, tyubu saba: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena iliyochomwa (nyekundu ya udongo wa tofali), amba iliyochomwa (kahawia nzito), nyekundu kali, bluu ya ultramarini, na nyeusi. Nyeusi ifungie kabatini mpaka Hatua ya 7. Nyeupe waliyotumia wachoraji wa zama za Ceruti ilikuwa ya risasi, nayo ni sumu, usiitafute.
- Brashi sita: nne ngumu bapa, za upana tofauti, na mbili laini. Brashi ngumu za kawaida ni nywele za nguruwe. Asiyetaka kuzigusa kwa dini yake achukue za sinthetiki ngumu, zinafanya kazi vizuri.
- Mafuta ya kitani na tapentaini. Mafuta ya kupikia hayakauki, hata mwaka upite. Thina ya kupulizia magari itakuumiza kichwa na kula rangi uliyokwisha kupaka.
- Kipande cha kioo cha kuchanganyia rangi, chini yake karatasi ya kahawia. Juu ya paleti nyeupe kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo.
- Kisu cha paleti, kijiti cha mishikaki cha kupimia, kioo cha mkononi, chaki, vitambaa vya pamba, na ndoo ya maji yenye mfuniko.

## Hatua ya 1: Mtafute mtu wako, mlipe

Usianze na picha ya simu. Simu hujitahidi kung'arisha kila uso. Vivuli huvifungua, na ukipiga kwa karibu pua huivimbisha. Ukiinakili, unanakili maamuzi ya simu. Mtu aketi mbele yako.

Msalimie, kisha sema ukweli wote: nahitaji saa moja, mara nne, utakaa tu, nitakulipa kiasi hiki. Kisipungue kile ambacho angekipata kazini kwa saa hizo. Mtu anayewaza mizigo iliyompita hakai akatulia, na mabega yake yatakuonyesha. Kama picha utaiuza au kuionyesha watu, mwambie kabla.

Kuna jambo ambalo nalo litakupata. Mzee mmoja anayesukuma mkokoteni nilimwomba aje na nguo zake za kazi. "Sawa, mwanangu," akasema. Jumamosi akaja kanyoa ndevu, kavaa koti la suti lenye mabega mapana, na kofia ya viua iliyotiwa wanga ikasimama. Nikafungua mdomo nimwambie akabadilishe. Akaniwahi: "Mbona wewe umevaa shati safi?" Nikaufunga. Nilimchora na koti lake. Vidole vya kusukuma mkokoteni vilikuwa palepale, vikitokeza kwenye mikono ya koti, na koti halikuvificha.

Hatua hii imekamilika mhusika akijua siku, saa, malipo, na picha itakwenda wapi.

## Hatua ya 2: Mwanga

Hapa ndipo nusu ya kazi inapoharibika, kabla hata brashi haijalowa. Nenda polepole.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia utumie dirisha la kaskazini. Huo ni ushauri wa watu ambao jua lao la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Karibu na ikweta jua la Juni hupita kaskazini na la Desemba hupita kusini. Dirisha la kaskazini Dar es Salaam mwezi wa Julai litakuingizia jua chumbani. Kanuni inayofanya kazi kwetu ni hii: asubuhi tumia dirisha linalotazama magharibi, alasiri linalotazama mashariki. Unapata mwanga wa anga bila jua lenyewe, na hauhamihami.

Dirisha liwe moja. Mengine yazibe kwa kanga au blanketi, taa zima. Hilo moja nalo lizibe nusu ya chini, ili mwanga ushuke toka juu kidogo. Mkalishe mhusika kama mita moja na nusu toka dirishani, upande mmoja wa uso ukiwa umeelekea mwanga. Angalia shavu la upande wa kivuli: ukiona pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, hapo ndipo. Ikikosekana, mgeuze kidogo kuelekea dirishani.

Angalizo: ukuta mweupe ulio upande wa kivuli hurudisha mwanga na kuua kivuli. Tundika kitambaa cheusi; buibui la zamani linafaa sana.

Sasa kimo. Macho yake na yako yawe usawa mmoja. Yeye akiwa kwenye kigoda na wewe umesimama, utamchora toka juu kama polisi anayeandika maelezo. Ama mpandishe kwenye kiti kirefu, ama nawe uketi. Mwambie akutazame wewe. Weka alama za chaki mahali pa miguu yake na pa stendi yako ya kanvasi, kwa sababu mtarudi hapo mara tatu zaidi. Kila baada ya dakika 20 apumzike dakika 5. Chai iwepo.

Umefaulu ukifinya macho ukaona uso umegawanyika sehemu mbili, ya mwanga na ya kivuli, bila ubishi. Ukiona sehemu nne au tano, kuna dirisha ulilolisahau.

## Hatua ya 3: Msingi wa kanvasi

Paka jeso mikono mitatu, kila mkono ukauke kabla ya unaofuata, ukipitisha msasa laini katikati. Mkono wa mwisho uchanganye na akriliki ya kahawia mpaka upate rangi ya kikombe cha udongo, au ya chai ya maziwa iliyokolea. Acha hadi kesho.

Kwa nini usiache nyeupe? Kwa sababu juu ya nyeupe hutajua mwanga uko wapi. Kila utakachoweka kitaonekana kivuli. Juu ya kahawia ya katikati, mwanga unapanda na kivuli kinashuka, na sehemu kubwa ya nyuma inakuwa imeshachoreka yenyewe.

Angalizo: isiwe nyeusi mno. Rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na msingi mweusi hujitokeza juu. Picha nyingi za karne ya 17 na 18 zimezama gizani kwa sababu hiyo, na watu wanadhani mchoraji alitaka hivyo.

## Hatua ya 4: Ramani ya kivuli (kikao cha kwanza)

Changanya amba iliyochomwa na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Mafuta usitie hata tone. Kanuni ya mafuta ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi zaidi. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, la chini likija kujivuta linalipasua.

Nyoosha mkono wote, kiwiko kisikunjike, fumba jicho moja, upime kwa kijiti cha mishikaki. Upana wa kichwa unaingia mara ngapi kwenye urefu wake? Toka kidevuni hadi kwenye macho ni sawa na toka kwenye macho hadi utosini? Karibu kila mtu mzima ni sawa, na karibu kila mwanafunzi wangu huweka macho juu mno, kwa kuwa paji la uso na fuvu havimvutii. Hapo ndipo wanapozaliwa watu wasio na ubongo. Sikio mara nyingi huanzia usawa wa nyusi na kuishia chini ya pua; likienda kwingine, kagua tena.

Weka alama chache: juu ya kichwa, kidevu, mstari wa macho, chini ya pua, mwisho wa mabega. Kisha acha mistari. Chukua brashi pana ujaze kivuli chote kwa amba hiyohiyo, kipande kimoja: upande wa pua, shimo la jicho, chini ya mdomo, chini ya kidevu, shingo. Vyote rangi moja. Mahali pa mwanga pangusa kwa kitambaa mpaka msingi uonekane.

Usichore jicho. Chora shimo la jicho. Hili nalisema mara tatu kila somo na bado kuna mtu nitamkuta pembeni anaweka kope. Jicho ni tunda lililo ndani ya bakuli, na bakuli lisipokuwepo tunda litaelea.

Geuza mgongo, angalia kazi kupitia kioo cha mkononi. Upande wa uso uliopinda utajionyesha mara moja, maana jicho lako lilikuwa limeshauzoea. Rekebisha sasa, bado ni chai tu. Kichwa kilichopinda ukikiachia leo, wiki ijayo utakuwa unakipaka rangi nzuri.

Umefaulu jirani akipita mlangoni akasema, "Huyu si mzee wa mkokoteni?", na wewe hujachora jicho hata moja. Acha ikauke siku mbili au tatu. Amba hukauka haraka kuliko rangi nyingi.

## Hatua ya 5: Changanya ngozi kabla mtu hajaja

Sasa tuje kwenye majivu.

Watu wa Ceruti ni Wataliano wa kaskazini, kwa hiyo kwake ngozi ilianza na nyeupe, ikafuatiwa na oka, nyekundu na kahawia. Wewe ukimchora mtu mweusi kwa kuanza na nyeupe umeshapotea. Nyeupe ya titani ni nzito na ya baridi. Ukiipambanisha na nyeusi unapata bluu ya kijivu, na hiyo ndiyo ile sura ya gunia la unga. Ngozi nyeusi haitokani na nyeusi. Inatokana na kahawia, nyekundu, njano na bluu.

Changanya marundo manne kwa kisu cha paleti, kila moja la ukubwa wa limau dogo:

1. Katikati: amba sehemu mbili, siena sehemu moja, oka nusu.
2. Upande wa mwanga: chukua katikati, ongeza oka, kisha nyekundu kwa ncha ya kisu. Nyeupe iwe ya mwisho, na iwe kidogo kuliko unavyodhani.
3. Kivuli: amba na ultramarini, kisha siena kidogo ili kisife. Kivuli cha ngozi kina joto. Ukikiacha bluu tupu, mtu ataonekana amepigwa.
4. Mng'ao: nyeupe, amba kidogo, ultramarini ya ncha ya kisu. Hili ndilo rundo pekee la baridi upande wa mwanga, kwa sababu ni anga ya dirishani inayojiangalia kwenye ngozi.

Vipimo hivyo ni mahali pa kuanzia. Ngozi za watu hazifanani, hata za ndugu wa tumbo moja. Kwa mtu mweupe zaidi, siena na oka zipande na amba ishuke. Kwa mweusi tii, katikati ichukue ultramarini kidogo, na kazi kubwa ifanywe na mng'ao.

Kipimo cha kweli ni hiki: mhusika akishaketi, chota rangi kwa ncha ya kisu, nyoosha mkono, uiweke mbele ya shavu lake ukiwa mahali unapochorea. Finya macho. Ncha ya kisu ikionekana imechomoza, rangi si yenyewe; ikionekana imepotea shavuni, umeipata. Fanya hivyo kwa paji, shavu na shingo. Wanafunzi huona aibu kumnyooshea mzee kisu. Mweleze kwanza, atacheka, na kicheko hicho kitamlegeza taya.

Ukitaka kuona jambo hili limefanywa na fundi, tafuta picha kubwa ya Juan de Pareja aliyoichora Velázquez, mchoraji wa Hispania, mjini Roma mwaka 1650. Yenyewe ipo Metropolitan Museum of Art, New York. Pareja alikuwa na asili ya Kiafrika, akimtumikia Velázquez kama mtumwa, na mwaka huohuo aliandikiwa hati ya uhuru iliyomtaka atumike miaka minne zaidi. Angalia paji la uso wake. Pale panapong'aa si peupe hata kidogo. Zuia mahali penyewe kwa vidole pande zote, utaona kijivu chenye uwaridi ambacho peke yake hungekiita mwanga.

## Hatua ya 6: Uso, pande kwa pande (kikao cha pili na cha tatu)

Tia mafuta ya kitani kidogo kwenye tapentaini, sasa tunapanda tabaka.

Anza na kivuli, rundo la tatu, kipana na chembamba kwa unene. Fuata katikati, kisha upande wa mwanga. Kila mpigo wa brashi uwe na sababu: hapa paji linageuka, hapa mfupa wa shavu unaanza, hapa taya linaingia chini. Weka rangi uiache. Ukiusugua mpigo huohuo mara kumi, marundo yako manne yatakuwa tope moja, na tope hilo ndilo ulilolikimbia Hatua ya 5.

Tazama mambo ambayo akili yako haiyajui mpaka jicho liyaone. Mtu anayeshinda juani mara nyingi ana paji jeusi kuliko mashavu, na pale kofia inapokaa kila siku kuna mstari, juu yake ngozi imekuwa nyepesi. Masikio na pua vina wekundu zaidi. Chini ya kidevu, kama amevaa kanzu au shati jeupe, kuna mwanga hafifu unaopanda toka kwenye nguo. Vitu hivi ndivyo vinavyomtofautisha mzee wako na wazee wengine wote, na hakuna hata kimoja kinachohitaji huzuni.

Kuhusu mikunjo: mkunjo si mstari, ni kilima kidogo chenye upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kama uso una kumi, chora mitatu mikubwa kwa namna hiyo, mingine itajisema. Ukichora yote kumi kwa mstari mweusi, umemwongezea mtu miaka ishirini na umemfanya mbao.

Kingo nazo zitofautishe. Pale kichwa cha upande wa mwanga kinapokutana na nyuma yenye giza, iwe kali. Upande wa kivuli pitisha brashi laini kavu, kichwa kiyeyukie nyuma.

Macho yaje mwisho wa kikao cha tatu. Weupe wa jicho si weupe: changanya amba, oka na nyeupe kidogo, kijivu cha udongo. Ukope wa juu hutupa kivuli juu ya mboni, usiusahau, vinginevyo mtu ataonekana ameshtuka. Nukta ya mwanga moja kila jicho, zote upande wa dirisha. Hapo weka brashi chini.

Umefaulu ukitembea toka upande mmoja wa chumba hadi mwingine na uso ukabaki uso mahali pote, na ukaribiapo ukaona mipigo ya brashi badala ya ngozi ya plastiki.

## Hatua ya 7: Mikono na nguo

Kama muda wako ni mfupi, punguza kwingine, hapa usipunguze. Kwa Ceruti mikono inafanya kazi: imeshika kapu, sindano, nguo ya kufua. Kijana mchukuzi aliyeko Pinacoteca di Brera, Milano, ameketi na kapu lake, na mayai na kuku, na ukiuzuia uso wake bado utajua ni nani na anafanya nini.

Mkono uanze kama glavu isiyo na vidole: kipande kimoja cha mwanga, kimoja cha kivuli. Kisha tenga kidole gumba. Vingine vitenge kwa vivuli vilivyo katikati yao badala ya mistari ya kuvizunguka. Viungo vya vidole ni vyeusi na vyekundu zaidi. Kucha ni mng'ao mdogo, hazihitaji kuzungushiwa. Linganisha urefu: toka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni karibu sawa na toka kidevuni hadi zinapoanza nywele. Mikono midogo ni kosa la pili kwa wingi baada ya macho yaliyopanda.

Nguo unaweza kuzimaliza mhusika hayupo, ukimwomba akuachie shati ulitundike kwenye kiti, kwa mwanga uleule. Sasa nyeusi itoke kabatini. Nyeusi, nyeupe na oka hutoa kijivu chenye ukijani wa kitambaa kilichofuliwa sana; nyeusi na siena hutoa kahawia ya koti kuukuu. Tumia daraja tatu tu: mwanga, katikati, kivuli. Kila mkunjo wa nguo unaanzia mahali inaponing'inia au inapobanwa, begani, kiwikoni, kwapani. Ukiona mkunjo wako hauanzii popote, umeubuni.

Kiraka kina rangi yake, kimepauka zaidi au kimekolea zaidi ya shati, na ukingo wake umenyanyuka kidogo. Pitisha brashi karibu kavu juu ya ukingo huo, uzi utatokea wenyewe. Tundu ni giza la chini pamoja na nyuzi mbili tatu zilizoshika mwanga.

Angalizo: usimchanie mtu nguo kwenye kanvasi. Kama shati lina kiraka kimoja, ni kimoja. Kiraka kilichoshonwa vizuri kinaonyesha kuna mtu alikaa akakishona, na habari hiyo ukiigeuza tundu umeifuta.

## Hatua ya 8: Nyuma

Fupi tu. Paka kijivu cha kahawia chepesi, cheusi zaidi upande wa mwanga wa uso na chepesi upande wa kivuli, ili kichwa kitoke. Sehemu nyingine acha msingi uonekane.

Usiweke mtaa, jua linalozama wala minazi. Hata Ceruti, watu wadogo wa nyuma kwenye baadhi ya picha zake aliwakopa kwenye picha za mchonga chapa Jacques Callot, na kwa jicho langu wanaonekana wa kuazima, wepesi kama karatasi, ukiwalinganisha na aliyekaa mbele.

## Kukausha, kusafisha, kutunza

Fungua madirisha yote. Tapentaini haivutwi hewani siku nzima. Brashi zioshe kwa tapentaini, kisha sabuni ya mche na maji, mpaka povu liwe safi.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani ni hatari kweli. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyofinyangwa pamoja huweza kuwaka bila kiberiti. Niliwahi kurudi toka dukani nikakuta ndoo ya taka inafuka moshi chini ya meza. Tangu siku hiyo vinaingia kwenye maji, mfuniko juu, au vinaanikwa nje kimoja kimoja.

Kanvasi iweke mbali na jua na vumbi, imeegemea ukuta kwa kimo. Vanishi isubiri miezi sita hadi mwaka, hasa ulipopaka nene. Nyuma andika kwa penseli tarehe ya kumaliza, ili usibahatishe.

Kabla ya vanishi, chapisha nakala ya picha umpelekee mhusika. Mzee wangu aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza kifungo cha pili cha koti kimekwenda wapi. Nikatazama. Kweli, nilikisahau. Nilikiweka kesho yake: amba, oka, na juu yake tone la mng'ao.